Kendi Alipatikana, Acheni Kumtafuta

Alhamisi, jioni. Ukungu umeshuka hapa Laare tangu mchana na manyunyu hayaishi.

Naandika kwa sababu nikiongea nitalia, na Kendi ameketi hapa karibu na jiko ananitazama.

Kendi ni binti yangu, ana miaka mitatu. Mwezi uliopita alipotea. Mume wangu, Mwenda, hufunga miraa kwenye banda la mzee mmoja hapa jirani, na siku hiyo alikuwa ameenda na mtoto. Wanaume wakiwa mbio mbio kumaliza kazi kabla ya gari la Nairobi kuondoka, Kendi akajichimbia ndani ya rundo la majani ya migomba, yale ya kufungia miraa, akalala fofofo. Tukamtafuta hadi kwenye mitaro. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Katika hekaheka hizo wifi yangu, Karimi, akatuma picha ya Kendi kwenye grupu ya kwaya: "Mtoto amepotea Laare. Amevaa sweta nyekundu. Ukimwona piga namba hii." Namba ni yangu. Nilimshukuru, na bado namshukuru.

Kabla ya giza Mwenda akamfukua kwenye majani. Akamfunika kwa koti lake la kijani, akaja naye mbio barabarani kwa sababu alijua hali aliyoniacha nayo. Karimi akaandika, "Amepatikana, Mungu ni mwema." Wanakwaya wakajibu amina. Nikadhani yameisha.

Wapi!

Ujumbe wa kwanza ulikuwa umeshafika Maua, Meru mjini, mpaka Embu. Ule wa "amepatikana" haukutoka nje ya kwaya. Nani atahangaika kusambaza habari za mtoto aliyekuwa amelala? Na kila anayenakili na kubandika lazima atie chumvi yake. Mmoja akaongeza "amepotea jana jioni", na hiyo jana haiishi, kila kukicha ni jana. Mwingine akaongeza, "Usipotuma kwa grupu kumi, kumbuka nawe una watoto." Halafu mtu aliyemwona Mwenda akikimbia akaandika hivi: "Ameonekana akibebwa na mwanaume mrefu mwenye koti la kijani."

Jamani, baba mzazi ndiye amekuwa mwizi wa mtoto!

Mwanzoni tulicheka. Mwenda alikuwa akiingia nyumbani ananyata, anamwita Kendi kwa sauti ya mwizi, mtoto anapiga kelele za furaha. Mimi ndiye niliyechoka, maana simu ni yangu. Wanapiga nikishona, wanapiga nikipika. Mama mmoja wa Kiambere aliniombea huku akilia. Nikamwambia, mama, mtoto alipatikana, yuko hapa anakula ugali. Akaniuliza kwa upole kama nina hakika ni yeye.

Sasa leo asubuhi nilikuwa na sare za shule za kumaliza, mimi ni fundi wa nguo, na simu ikaanza tena. Nikaizima. Nikajiambia wacha nishone kwa amani.

Siku zote nisiizime, nikaizima leo.

Mwenda alikuwa amempeleka Kendi Maua kumnunulia viatu. Kwa vile kulikuwa na baridi, akavaa lile koti. Pale wanapoegesha bodaboda, mwanaume mmoja akaangalia simu yake, akamwangalia Kendi, kisha akawaita wenzake.

"Wewe! Hii mtoto umetoa wapi?"

"Ni wangu."

"Wote husema hivyo."

Wakamuuliza mtoto, huyu ni nani yako? Na Kendi wangu, huyu anayeongea kutwa nzima, akafunga mdomo kabisa. Kwa sababu mimi, tangu siku ile ya majani, nimekuwa nikimwambia asubuhi na jioni: usiongee na watu usiowajua.

Basi wakapiga ile namba, wamsikie mwenye mtoto mwenyewe. Simu imezimwa.

"Ona! Hata mama yake hapatikani."

Wakaanza kuokota mawe. Mwenda ananiambia kilichomtia hofu ni kwamba jiwe lingempata Kendi, kwa hiyo akamweka chini na kusogea mbali naye. Hapo ndipo mtoto akaangua kilio. "Baba, nibebe! Baba!" Mama mmoja anayeuza ndizi akawapigia kelele, "Nyinyi ni wazimu? Hamsikii anamwita baba?" Mikono ikashuka. Wakatawanyika mmoja mmoja, hakuna aliyesema pole. Mmoja alisema tu, "Sisi tulikuwa tunasaidia."

Hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana ni kweli. Ningekuwa mimi nimeona picha ile na koti lile, pengine ningepiga mayowe kuwashinda.

Wamerudi bila viatu. Hakuna aliyeguswa, namshukuru Mungu. Mwenda hakumaliza chai. Kendi alipomwinulia mikono abebwe kama kawaida yake, alimwambia, "Nenda kwa mama akubebe."

Hajawahi kumwambia hivyo.

Koti amelitupa kwenye zizi la mbuzi.

Nilipowasha simu nikakuta ujumbe wa mteja wangu mmoja: "Mama Kendi, chunga mtoto, kuna mwizi wa koti la kijani huko kwenu." Nilitaka kuitupa simu ndani ya moto. Badala yake nikaandika wa kwangu: "Huyu ni Kendi. Alipatikana siku ile ile. Mwenye koti la kijani ni babake." Na mwisho, mimi ninayewagombeza watu kila siku kuhusu upuuzi huu, nikaongeza: "Tafadhali tuma kwa grupu zote." Niliona aibu, lakini niliutuma. Mpaka sasa nimepata amina kadhaa, na Karimi ameniwekea kidole gumba. Sioni kama kuna aliyeusambaza.

Nimelitoa koti kwa mbuzi, nimelifua, nimelitundika juu ya jiko. Kesho tutarudi Maua kununua viatu, sisi watatu, simu yangu ikiwa wazi. Mwenda amesema hendi, na hilo koti havai. Naogopa sana. Naogopa kwenda, na naogopa zaidi mtoto akue akijua kwamba babake hambebi mbele za watu.

Kwa hiyo sasa hivi namfundisha Kendi upya. Namuuliza, huyu ni nani? Anapayuka mpaka majirani wanasikia, "Ni baba yangu!" Mwenda ameketi mlangoni, ametupa mgongo, anatazama manyunyu. Namuuliza tena, anapayuka tena.

Sasa Mwenda amenyoosha mkono nyuma, bila kugeuka. Kendi amekwenda kuushika. Bado hajambeba.