Vidole Vinne vya Unga

Uvira, tarehe 14, mwezi wa kumi

Koko wangu mupenzi Dorothée,

Yesu asifiwe. Naomba barua hii ikukute muzima, magoti yamepunguza kelele, na kile kikohozi cha mwezi wa nane kimekuacha. Mimi niko muzima. Nimekonda kidogo, lakini Uvira yote imekonda, kwa hiyo haionekani.

Naandika kwa sababu simu uliikataa. Ulisema maneno ya simu yanasikiwa mara moja na yanapotea, lakini barua inasomwa tena muntu akijifanya amesahau. Haya, Georgette, mwandishi wako, akusomee mara mbili: nimepata kazi! Miaka ine diplome yangu ililala chini ya godoro. Sasa niko mobilisateur, mukusanyaji wa bantu, katika kampanye ya Muheshimiwa Bonaventure, ule mufanyabiashara anayetafuta kiti cha Raisi. Kampanye ikienda vizuri, mukubwa wetu hapa, Bwana Norbert, ameniahidi nafasi katika biro, na mushahara wa kila mwezi.

Mwezi wa kumi na moja tutakuja Baraka na unga ya muhogo. Kila mama wa soko mwenye karte ya uchaguzi atapata mikebe mitatu. Nimetoa jina lako uwe mupimaji, kwa sababu Baraka yote inajua mukono wako. Wakikuona wewe, watakuja. Wasipokuja, kazi yangu itakufa kabla haijazaliwa.

Usinikatae, Koko.

Mujukuu wako,
Vainqueur


Baraka, tarehe 21, mwezi wa kumi

Bwana yangu mudogo Vainqueur,

Salamu kutoka kwa bibi yako wa kwanza, mwenye meno sita na wivu mwingi. Niko muzima. Magoti yanalia mvua ikikaribia, kwa hiyo nimekuwa redio ya mutaa: bamama wanakuja kuniuliza kama waanike muhogo ao waache. Wewe unakula? Unakula nini? Unasema umekonda halafu unafanya muchezo nayo. Mi sikucheka.

Georgette ndiye anaandika, mi nasema. Nimemukataza kupamba. Yeye anatoa wino, mi natoa hasira.

Njoo uone Baraka, mutoto. Sabuni, zamani mama alinunua muche muzima. Leo tunamukatia kipande kama kidole gumba, na bado anauliza kama hakuna kidogo kuliko hicho. Franka inayeyuka mukononi kama mawese karibu na moto. Asubuhi nasema bei, muchana bei imenikimbia. Na unga ni ile ile! Muhogo ni ule ule wa Mboko, hapo karibu, umekuja juu ya Fuso, lori ya Anatole, ukiwa umekalia mavumbi. Hakuna muhogo hata mumoja uliopanda ndege kwenda Amerika. Sasa kwa nini unarudi na bei ya dolari? Nani anijibu?

Na matabisi imekufa. Umekulia chini ya meza yangu, unajua: ukimaliza kupima mukebe, unaongeza mukono mumoja wa unga juu, bure, mununuzi aende akicheka. Leo naongeza mufinyo tu, kama chumvi ya mugonjwa, na naangalia pembeni kwa haya. Mi sikusoma. Lakini kila Raisi aliyepita nilimupima kwa matabisi. Matabisi ikijaa, inchi iko muzima. Ikikauka, kuna muntu kule juu anakula mukono wetu.

Huyu aliye kwenye kiti nilimuchagua mimi mwenyewe, kwa kidole hiki, na nikacheza mpaka kikwembe kikafunguka. Leo nikiona picha yake kwenye ukuta ninageuza uso kama muntu aliyeona anayemudai. Hapana, Georgette, andika hivyo hivyo.

Sokoni tunabishana kila siku. Mama Fanny anasema tumuache yule, tumupe Bonaventure, ni muntu wa biashara, anajua mambo ya bei. Nikamuambia: panya pia anajua sana mambo ya magunia. Tukacheka. Inamahoro, ule mukimbizi wa Burundi anayeuza karibu yangu, yeye hakucheka. Alisema, "Nyinyi munalia na karte mukononi. Mi sina karte, lakini njaa ikinikuta haiombi karte."

Basi nitapima. Si kwa ajili ya Bonaventure, ni kwa ajili yako. Lakini sikia vizuri. Nitapima na mukebe wangu, chini yake kuko sawa. Unakumbuka ulipokuwa na miaka kumi na mbili? Ulichukua mukebe wangu, ukaupiga chini yake na kichwa cha mutwangio wa kinu mpaka tumbo likaingia ndani, eti unanisaidia nipate faida. Nilikupiga na mwiko, halafu ukazunguka soko yote kurudishia bantu unga yao. Mukono wangu ulilia kuliko matako yako. Sitaki kurudi pale.

Kula, baba. Hata kama ni majani ya sombe bila mafuta, kula.

Bibi yako na Koko wako,
Dorothée


Uvira, tarehe 9, mwezi wa kumi na moja

Koko wangu,

Salamu sana. Afya yako? Na magoti? Mimi niko sawa, nakula, usiogope.

Tutafika siku ya ine ya juma, tarehe 23, kwenye kiwanja karibu na soko. Aksanti ya kukubali. Nilipomusomea Bwana Norbert ile ya panya, alicheka, lakini alicheka na mudomo tu.

Jambo moja. Tutapima na mikebe ya kampanye, yenye picha ya Muheshimiwa, maana bapiga-picha watakuwepo. Ni mipya, ila kipimo ni kimoja na chako. Nakuapia.

Mujukuu wako,
Vainqueur


Baraka, tarehe 27, mwezi wa kumi na moja

Vainqueur,

Niko muzima. Natumaini na wewe.

Ulikuwepo siku ile, uliona kwa macho. Lakini ulisimama mbali, karibu na gari, ukishika karatasi yako ya majina. Nitakuambia ile iliyoonekana kutoka mahali pangu.

Bwana Norbert alisema vizuri, siwezi kumunyima. Alisema, "Bamama, njaa yenu iko na jina!" Akataja ubaya wote wa yule aliye kwenye kiti: franka, sabuni, chumvi, barabara. Kila neno lilikuwa letu. Ni kama alilala chini ya meza zetu akisikiliza. Nilipiga makofi mpaka mikono ikauma. Nilisema moyoni: haya, huyu Bonaventure nitamuchagua, anajua mahali panapouma.

Ndipo nikaanza kupima. Mukono huu umepima miaka makumi ine, Vainqueur. Nilipomwaga mukebe wa kwanza katika bakuli ya Mama Fanny, mukono uliniambia: hii ni nyepesi. Nikaukemea mukono. Nikasema, umezeeka, mujukuu wangu ameapa. Nikapima. Wa pili, wa tatu, wa kumi. Nilimwaga huku nikibishana na mukono wangu mwenyewe!

Halafu Inamahoro akafika na bakuli yake ya bluu. Bwana Norbert akaweka mukono mbele yake. "Huyu si wetu. Hana karte." Mbele ya bantu wote! Muntu aliyeniosha nilipokuwa na malaria, aliyekaa na mimi usiku wa kilio mama yako alipokufa, eti si wetu. Akataka kuondoka. Nikamushika kikwembe.

Nikasema, "Bwana mukubwa, hii ya Inamahoro nitaipima kwa mukebe wangu, itoke katika sehemu yangu mimi." Nikatoa mukebe wangu kwenye kapu. Nikachota unga na mukebe wa picha, ukajaa mpaka juu, nikaumwaga ndani ya wangu.

Haukujaa.

Nilitia vidole kupima pengo. Vidole vine, Vainqueur. Vidole vine vilisimama wima mbele ya kiwanja chote. Mama Fanny akanyanganya mukebe wa picha, akaupindua. Tumbo la chini limeingia ndani kama shavu la muzee.

Kelele ulizisikia. Mama Fanny aliruka akasema, "Kama angali anaomba anatupimia hivi, akipewa kiti atatupimia na kizibo ya bia!" Wengine wakasema basi turudie yule wa zamani, mwizi unayemujua afazali. Nikawaambia nyamazeni, hakuna mwizi wa afazali. Wale wa kwenye kiti wametuletea njaa, na hawa wanaotaka kiti wameifanya njaa yetu kuwa kapu ya kuchumia kura. Wanatushika palepale panapouma, kama muntu anayeshika kidonda akisema ninakuonea huruma!

Lakini mi sikupiga kelele sana kama wengine. Ulishangaa? Ni kwa sababu niliangalia chini ya mukebe. Wezi wa soko wanapiga na jiwe, na jiwe linaacha pembe. Hii ilikuwa na alama ya muviringo, laini. Alama ya kichwa cha mutwangio.

Sikumuambia muntu. Hata Georgette amejua sasa hivi akiandika, na amesimamisha kalamu. Andika, Georgette.

Mikebe mingine wameichukua. Huo mumoja niliuficha ndani ya kikwembe, uko hapa juu ya meza. Sitasema ni nani aliupiga. Utasema wewe.

Dorothée


Uvira, tarehe 12, mwezi wa kumi na mbili

Koko,

Yesu asifiwe. Najua magoti yanauma, kwa sababu mvua haikatiki huku. Nisamehe kuchelewa. Barua hii nimeiandika mara tano.

Ni mimi.

Magunia yalitoka juu yakiwa kumi na mbili. Yalipofika mikononi mwangu yalikuwa saba. Sijui yale matano yalilala wapi, na niliyemuuliza aliniambia, "Unataka kazi ao unataka magunia?" Majina ya bamama nilikuwa nimeshayaandika yote. Nilifikiri: nikipunguza kidogo kwa kila mumoja, kila mumoja atapata kitu, hakuna atakayerudi na bakuli tupu. Nilijiambia ni huruma. Niliazima mutwangio kwa mama mwenye nyumba, nikapiga mikebe yote, na nilipokuwa napiga nilisikia mwiko wako mugongoni, lakini sikuacha.

Na karatasi ya karte, niliiandika mimi pia. Inamahoro nilimuruka nikijua.

Bwana Norbert amenifukuza. Hakunifukuza kwa sababu ya mikebe. Alisema, "Ni wewe uliyetuletea kizee anayetia vidole ndani ya mikebe." Sasa ninauza unité, vocha za simu, kando ya barabara, pale pale nilipouza kabla ya kampanye. Bantu wakinunua wanabishana juu ya bakandida, na mi ninahesabu chenji.

Sikuombi unitetee. Naomba tu uniambie kama bado nina mahali pa kukaa chini ya meza yako.

Mujukuu wako, kama ungali unakubali,
Vainqueur


Baraka, tarehe 23, mwezi wa kumi na mbili

Bwana yangu mudogo,

Umeona nimekuita nini? Basi punguza kulia kidogo. Mi niko muzima. Barua yako Georgette alinisomea mara mbili, na mara ya pili aliiweka chini katikati, nikamuambia lete maji, tuendelee.

Uliniuliza kwa unyenyekevu, nitakujibu kwa ukali, kwa sababu ndiyo njia ninayoijua. Uliiba. Walioiba magunia matano waliiba, na wewe ukaja nyuma yao ukaiba kwa huruma. Ile ya huruma ndiyo inaniuma kuliko. Kila muntu anayetukatia chakula katika inchi hii anasema anatuonea huruma! Mushahara wa mwalimu wanakata, huruma. Ziwa wanafunga tusivue, huruma. Ungekuja na magunia saba, usimame juu ya gari useme, "Bamama, yalikuwa kumi na mbili." Tungekubeba mabegani, wewe mujinga mupenzi wangu. Ungekosa kazi vilevile, lakini ungekosa ukiwa juu ya mabega.

Tulichagua. Nilisimama tangu jua halijatoka, nikakalia ndoo. Karte yangu sura imefutika yote, imebaki kivuli. Kijana wa biro akasema, "Koko, hapa hakuna uso." Nikamuambia, "Ulifutika pamoja na franka." Mustari wote ukacheka, hata polisi, kijana akaniacha nipite. Kwenye ile masini ya kuchagulia nyuso zote za bakandida zilinichekea, kila mumoja meno thelathini na mbili. Niliangalia muda murefu, mpaka wakanigongea meza. Nikabonyeza mumoja. Sitakuambia ni nani, na usiulize. Nikajua tu kwamba mara hii sikucheza. Mama Fanny alimubonyeza mwingine, tukabishana njia nzima kurudi, karibu tuvuane vilemba. Halafu tukanunua chumvi pamoja, tukagawana, maana franka ya mumoja wetu haitoshi pakiti nzima. Nani atashinda, sijui. Bei ya chumvi haikungojea jibu, imepanda tena jana.

Sasa sikia. Mukebe ule wa picha niliupiga kutoka ndani na kichwa cha mutwangio, polepole, siku mbili. Umerudi karibu sawa. Karibu. Kuna kibonde kimebaki, upana wa kidole kimoja, na hakitaki kutoka. Picha ya Muheshimiwa nimeibandua na maji ya moto. Huo ndiyo mukebe wako. Kila utakapopima nao, utaongeza mukono juu, si kwa matabisi, kwa deni la kile kibonde. Matabisi itakuja juu ya hiyo.

Fuso ya Anatole inashuka siku ya ine. Nimemuambia akupe nafasi juu ya mizigo, nauli utalipa kwa kupakua. Nimetwanga muhogo wangu mimi, magunia mawili. Bamama wote waliopimiwa siku ile nimewaita, waje na bakuli zile zile. Utawapimia vile vidole vine vilivyokosekana kwa kila mukebe, hadharani, kwenye kiwanja kile kile, bila bapiga-picha. Wengine watakutukana. Mama Fanny ameanza kutafuta maneno tangu juzi, yamemujaa mudomoni. Utanyamaza na utapima.

Wa kwanza kwenye mustari atakuwa Inamahoro. Utamupa mikebe yote mitatu, kamili. Usimuombe karte.

Koko wako, mwenye meno sita na mwiko mumoja,
Dorothée