Tata ameua mu jeu yangu

Valé, imeisha. Tata ameua. Mu jeu yangu ya telefone!

Myaka mbili siyaua hata kuku. Napanda niveau na kuchimba shaba na kuchuma maua tu. Niveau 59. Tués, wenye nimeua: 0.

Nilienda kuoga, nikaacha telefone pa meza. Narudia, nakuta tata ameishika na mikono mbili. Mu jeu, imbwa ya pori imelala chini, imekufa. Tués: 1.

MOYA, Valé. Moya.

Nikasema: «Tata, huyu mutu yangu wa jeu haui kitu!»

Akasema: «Imbwa ilikuwa inamufukuza. Juu ya kichwa yake kumeandikwa Shekina.»

Unajua huyo mutu wa jeu nilimupatia jina ya petite yetu, mudogo yangu, nyuma ya kumuzika.

Tata akauliza: «Ulitaka nimuache tena?»

Niko naikala tu. Tata anauliza kama Shekina ameumia.