Bima ya Gari Lisilo Langu

Jumamosi jioni. Manyunyu tangu alfajiri, ile mvua isiyokulowesha lakini haikuachii nafasi ya kuanika nguo. Mtaa wetu wote wa Acocks Green leo una rangi ya sufuria. Mimi nina furaha.

Leo nimeendesha gari.

Kwa mtu mwingine hiyo si habari. Kwangu ni mara ya kwanza tangu leseni yangu isimamishwe mwaka juzi. Sikulewa, sikukimbiza gari, sikumgonga mtu. Nilianguka. Mara ya kwanza ilikuwa kazini, kwenye jiko la shule ninakopika, tukadhani ni joto. Mara ya pili nilikuwa nyumbani naosha vyombo, binti yangu Zuhura akiwa mezani na vitabu vyake. Daktari akaupa ugonjwa jina, akaniambia nisishike usukani mpaka upite mwaka bila kuanguka tena. Leseni ikaenda. Gari langu dogo nikaliuza, maana mume wangu Salim hajawahi kujifunza kuendesha, na gari la kuangaliwa tu dirishani lina faida gani?

Ugonjwa wenyewe ni kifafa.

Haya, nimeliandika. Kwa Kiingereza neno hilo linanuka dawa na kliniki, nalitaja bila shida. Kwa Kiswahili ni jambo jingine. Nilikulia Tanga, na kule mtaani kwetu mtu akianguka watu walikuwa wanavuta watoto wao pembeni na kukataza asiguswe. Mimi mwenyewe nilivutwa hivyo na shangazi yangu. Kwa hiyo hapa Birmingham, kina mama wenzangu waliponiuliza mbona siku hizi napanda basi, niliwajibu kwamba nafanya mazoezi.

Alhamdulillahi, dawa zimenikubali. Leseni ikarudi. Nikaiweka kwenye pochi na nikawa mtu mwenye leseni asiye na gari.

Huenda ningebaki hivyo kama si Mama Gurpreet, jirani yangu wa ukuta mmoja. Ni Singasinga, mzaliwa wa Kisumu, amekuja nchi hii akiwa msichana. Siku ya kwanza tulipohamia hapa alinisikia namgombeza Zuhura kwa Kiswahili, akatoka nje mbio na mikono yenye unga. Tangu siku hiyo mimi namwamkia shikamoo, yeye, kwa Kiswahili chake cha Wahindi wa Kisumu, ananiita binti. Marehemu mumewe alimwachia gari zuri la rangi ya fedha. Yeye hajui kuendesha. Mtoto wake, Gurpreet, anaishi Leeds, na kila akija huliwasha, akalizungusha kidogo, akalirudisha mbele ya nyumba.

Mama Gurpreet ana dada yake mkubwa, Kuldip, anayetunzwa kwenye nyumba ya wazee huko Erdington. Kumbukumbu zinamtoka. Kiingereza kimeshaondoka. Kipunjabi kinakuja na kupotea. Kilichobaki ni Kiswahili cha utotoni, alichochezea mitaani Kisumu, na wahudumu wa pale hawajui hata neno moja. Basi la namba kumi na moja linafika huko, lakini kwa mtu mwenye nyonga ya chuma kule kuyumbishwa njia nzima ni adhabu. Tangu kiangazi, Gurpreet alipokuja mara ya mwisho, hakuwa amemwona dada yake.

Jioni moja alinikuta natoa takataka.

"Binti, leseni yako narudi?"

"Imerudi, mama."

"Basi gari iko. Wewe taendesha, mimi takaa."

Nilitaka kukubali palepale. Lakini nilijua siwezi kumpakia mtu wa watu bila kumwambia. Tukaingia jikoni kwake, nikamweleza kwa Kiswahili, na neno lenyewe nikalitaja. Sikuwahi kulisema kwa sauti mbele ya mtu asiye wa nyumbani kwangu. Nikasubiri akivute kikombe chake mbali nami.

Akaniuliza, "Daktari nasema nini?"

"Anasema naruhusiwa."

"Basi. Mimi iko na sukari, iko na presha, iko na nyonga ya chuma. Wewe iko na kifafa. Tukichanga, tapata mtu moja mzima."

Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Kicheko kiliishia kwenye bima. Sheria ya hapa haijali gari ni la nani. Ukishika usukani lazima uwe na bima, angalau ile ndogo, ya kumlipa utakayemgonga. Nikafungua kompyuta. Tovuti ya kwanza ikaniuliza kama gari ni langu, nikajibu si langu. Ikaniuliza kama leseni yangu imewahi kuondolewa, nikajibu ndiyo. Ikanishukuru na kunifungia mlango. Ya pili vilevile. Ya tatu haikunishukuru hata.

Salim alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake.

"Si umepona?" akasema. "Unajianika ya nini? Jibu hapana, uendelee."

Salim si mtu mbaya. Anaogopa. Siku niliyoanguka nyumbani ndiye aliyenilaza ubavu na kunishika kichwa, na hata leo nikidondosha kijiko jikoni anakuja mbio. Nilimwambia, "Mume wangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Nikimgonga mtoto wa mwenzangu halafu bima ikakimbia, huyo mtoto atamlilia nani?"

Akaenda kuosha kikombe kilichokuwa kisafi.

Naye Gurpreet akapiga simu kutoka Leeds. Alizungumza Kiingereza, Kiswahili anakisikia tu. Alikuwa na njia rahisi: bima iandikwe kwa jina lake, yeye aitwe dereva mkuu, mimi niwe dereva wa ziada. Ingekuwa nafuu na ingepatikana siku hiyohiyo.

"Lakini dereva mkuu ni mimi," nikamwambia. "Wewe uko Leeds."

"Nani atajua?"

"Mimi."

Akasema kwa upole kwamba mama yake analia kwenye simu kila Jumapili kwa ajili ya dada yake, na yeye anataka tu jambo liishe. Nilimwelewa. Nikamwambia anipe muda.

Nitakiri hapa kwamba siku ile nilikaribia kukata tamaa. Nilikaa kwenye ngazi na simu mkononi nikijiuliza kwa nini mtu mwenye ruhusa ya daktari na leseni halali aombe kama mwizi. Hasira ilinisaidia. Nikaacha tovuti, nikaanza kutafuta mawakala wa bima wanaopokea simu, watu wenye masikio. Nilipiga kila nilipopata mapumziko kazini, nimesimama karibu na friji kubwa, kofia ya jikoni kichwani. Wengine walikataa kwa adabu. Mmoja alinikatia.

Kisha nikampata bwana mwenye lafudhi nzito ya Birmingham, sauti ya mtu mzima.

"Gari ni lako?"

"Hapana."

"La mumeo?"

"Hapana. La jirani yangu, mama mzee. Yeye haendeshi."

"Leseni imewahi kuondolewa?"

"Ndiyo. Kwa ugonjwa, si kwa kosa." Nikautaja.

Nikasubiri shukrani na mlango. Badala yake nikasikia anaandika. Akaniuliza mara ya mwisho nilianguka lini, kama nameza dawa, kama mwenye gari ameridhia. Kisha akanieleza ambacho hakuna aliyewahi kunieleza: zipo kampuni zinazokubali bima iwe kwa jina langu, kwenye gari la mtu mwingine, mradi mwenye gari atajwe wazi na pasifichwe kitu. Kuondolewa leseni kwa ugonjwa, akasema, si sawa na kufungiwa na mahakama, ila tovuti nyingine hazijui kutofautisha.

"Umefanya vizuri kusema," akaniambia. "Wengi hawasemi."

Ilichukua siku kadhaa za kutumiana karatasi. Bei ni chungu, sitadanganya, lakini Mama Gurpreet aling'ang'ania tuchangie, na ukimkatalia mama yule atakususia chapati. Jana bima ikaingia. Si ile ndogo tu, ni kubwa. Jina langu, gari lake.

Usiku sikulala vizuri. Bima inalipa ukigonga, lakini haikuambii kwamba mwili wako hautakugeuka. Hilo hakuna wakala wa kuniuzia.

Asubuhi nikameza dawa, nikasoma dua, nikatoka. Zuhura alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma, amefunga mkanda, vipokea sauti vya simu masikioni. Sikumwomba aje. Nilimuuliza kama ana hakika, akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, niwashe gari kabla mvua haijazidi. Yeye ndiye aliyeniona nikiwa chini sakafuni. Niligeuka mbele haraka asione macho yangu.

Gari lilinizimikia mara mbili kabla hatujatoka mtaani. Mama Gurpreet akasema hata marehemu mumewe lilikuwa linamzimikia. Tulipopita Stechford mabega yangu yakashuka. Baada ya hapo nikawa naendesha tu, kama mtu yeyote siku ya Jumamosi.

Huko Erdington, dada Kuldip alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi miguuni. Alimtazama mdogo wake kama anavyotazamwa mgeni. Mama Gurpreet akainama, akamwambia kwa Kiswahili, "Dada, mimi nafika."

Uso ukafunguka. Akamshika mkono, maneno yakaanza kumwagika: mama yuko wapi, duka limefungwa, nani amemfungia mbuzi. Mhudumu mmoja kijana akasimama mlangoni akiuliza anasema nini, maana kila siku anarudia neno moja na wao wanampa maji.

"Neno gani?" nikauliza.

Akajaribu kulitamka. "Bariti?"

"Baridi," nikasema. "Anasikia baridi."

Yule kijana akaenda kuleta sweta. Zuhura, ambaye sijamsikia akizungumza Kiswahili tangu darasa la pili, akachuchumaa mbele ya kile kiti, akamsaidia bibi kuingiza mikono, akamuuliza polepole, "Bado baridi?"

"Kidogo," dada Kuldip akasema.

Tulipoaga akanikamata kanzu. "Mtakuja lini?"

Mama Gurpreet alinitazama. Miezi yote hii swali hilo alikuwa akiulizwa na dada yake kwa simu, na jibu lake lilikuwa tutaona.

"Jumamosi," nikasema.

Bima ni ya mwaka mzima, na mwaka una Jumamosi nyingi.