Waya ya Shaba ku Moteur

Lundi, 6 juin 1994
Baridi ya kukata masikio. Nilichota essence, petroli ya ndege, kidogo ku tanki, ndani ya bilauri, kuangalia kama maji imeingia. Hapana. Nilisafisha tumbo ya ndege. Nilihesabu byombo bya kazi, byote biko. Tata Kalenga akahesabu tena nyuma yangu. Miezi nane ananifundisha kazi, na bado ananihesabia.

Haina neno. Mu mutaa wetu wa Kikula muzima ni minye peke njo ninagusaka ndege. Benzangu banachimba shaba Kamatanda, banarudia na vumbi mupaka mu meno. Minye ninarudia na harufu ya essence. Mabinti banajua tofauti.

Tata Kalenga alikuwa fundi mu atelier, karakana kubwa, miaka makumi mbili. Sasa kule hakuna mushahara, hakuna kazi. Anaangalia hii ndege moja tu ya patron: bunga inaenda Manono, samaki inarudia. Fundi mwingine hakuna tena. Bote balienda.

Mercredi, 8 juin
Homa imekamata tata Kalenga. Anatetemeka mupaka clé ya kukaza boulon inaanguka. Tulikuwa tunarudisha filtre ya mafuta ku moteur. Inashikwa na boulon ine. Kila boulon unaifunga na waya ya chuma, unaisokota nguvu, ili moteur ikitetemeka boulon isilegee. Alisema, "Mudogo, maliza, kesho nitaangalia." Akaenda kulala.

Waya iliisha ku boulon ya pili. Ingine inatokea Lubumbashi, na camion inayoileta, Mungu njo anajua itafika siku gani.

Kwani minye si mutoto wa Likasi? Huku kwetu kila kitu kinafungwa na waya ya shaba. Mulango, kinga ya magurudumu mbili, mbabula ya makala ya mama, hata miwani ya pasta wetu, na Biblia anaisoma bila shida. Nilikuwa na kipande mu mufuko, ya cable ya Kamatanda. Nilifunga boulon mbili za mwisho. Kazi ya kupendeza, ungesema heleni ya bibi arusi. Ila ilikuwa inang'ara sana. Nikapakaa graisse juu, mafuta nzito nyeusi.

Si kuficha.

Bon. Kuficha kidogo.

Jeudi, 9 juin
Tata Kalenga alikuja na makoti mbili, macho mekundu. Akamulika na tochi. "Umesokota muzuri, mudogo." Akaweka saini yake mu kitabu cha ndege. Miezi nane sijasikia hilo neno! Ndege ilienda, ikarudia. Minye nilirudia nyumbani kifua mbele.

Nilipita kwa mama Ngoie, jirani yetu, anauzisha mikate ya mafuta pa njia. Nilimuambia nilitengeneza moteur peke yangu. Ni karibu kweli. Samedi anapanda hii ndege, anaenda Manono kukamata bajukuu bake babili, abalete huku. Mama yao alikufa, banamungoja kwa jirani ya kule.

"Weye Ingénieur, hii ndege yako itanifikisha?"
"Mama, lala tu, utaamukia Manono."

Alicheka mupaka akashika tumbo. Akanipa mikate tatu bure. Nilikula yote mbele ya kufika kwetu.

Vendredi, 10 juin
Homa imemuachilia tata Kalenga. Ndege haiendi leo. Aliniita, anapenda kufundisha akiwa muzuri. Aliokota kipande cha waya ya shaba pa chini. Ni yangu, ilianguka mercredi. Hakuuliza imetoka wapi. Likasi, shaba iko pote.

Akaikunja huku, akaikunja kule. "Hesabu." Mara kumi na moja, ikakatika. Akanipa kipande cha zamani cha waya ya chuma, nikunje minye. Nilikunja mupaka vidole bikauma, haikukatika.

"Moteur inatetemeka mara elfu mbili kila dakika," alisema. "Boulon ikitoka, mafuta inamwangika yote. Moteur inakufa juu ya pori. Njo maana ya hii waya."

Nilipashwa kusema palepale. Nilisema, "Ndiyo, tata." Nilicheka hata, kama mujinga.

Akinifukuza, ni Kamatanda kwenye shimo. Na ndege ilishaenda, ikarudia, si vile? Labda shaba yangu ni nguvu.

Ninaogopa. Kesho mama Ngoie iko ndani.

Samedi, 11 juin
Nilikimbia toka Kikula mupaka pa uwanja wa ndege. Milango ya ndege ilishafungwa. Mama Ngoie nyuma, kitunga ku magoti. Patron anaangalia saa. Nilisimama mbele ya hélice, ile panga inayozunguka, kitu tata Kalenga alinikatalia siku ya kwanza kabisa. Pilote akanitukana, akazima yote.

Nilisema yote. Shaba. Hata graisse. Mbele ya bote, mama Ngoie amebandika pua ku kioo.

Tata Kalenga akafungua moteur. Waya moja ya shaba nzima. Ya pili imekatika. Akaniambia, "Zungusha boulon." Na vidole tu, bila clé. Nilizungusha. Ikazunguka.

Patron akasema kwa niaba ya bote. Nitoke, nisionekane tena pa uwanja. Tata Kalenga akafunga kitabu. "Saini ni yangu. Ukimufukuza, na minye ninaenda. Tafuta fundi mwingine mu Likasi." Patron akaingia mu gari yake.

Mama Ngoie alishuka, akanipiga na kitunga mara mbili. "Na leo kama ungelala?" Nilimubebea kitunga mupaka pa njia.

Nyuma ya bote kwenda, tukabakia babili. Tata Kalenga hakupiga kelele, heri angepiga. Alisema, "Shaba ni ujinga. Ujinga tunafundisha. Graisse ni buivi." Akaenda kunawa mikono.

Lundi, 13 juin
Camion haijafika. Ndege imelala. Nilifagia. Tata Kalenga hanisemeshi. Nilipita kwa mama Ngoie na njia ya nyuma, asinione. Bale batoto ba Manono banangoja sababu yangu. Hii ninaandika ili nisisahau, na ninajua sitasahau.

Jeudi, 16 juin
Waya imefika. Tata Kalenga alinifungisha boulon zote ine. Akaangalia, akakata waya. "Rudilia." Nikafunga. Akakata. Mara ya tano aliacha. Hakusema muzuri, hakusema mubaya. Akamulika na tochi kwa muda murefu, halafu akasaini.

Saa tatu ndege ilipanda na mama Ngoie ndani. Tata Kalenga alisimama inje, kichwa pembeni. Siku zote nilifikiri anaangaliaka mbingu, mambo ya bazee. Kumbe anasikiliza moteur. Sauti ilipita juu ya Kamatanda, ikakuwa ya nzi, ikaisha. Hakutikisika. Minye pia sikutikisika.

Inapashwa kurudia saa kumi. Alitoa kiti chake inje, akakiweka pa jua. Akarudia ndani. Akatoa na cha pili, akakiweka pembeni ya chake.