Tawi la Mwanaidi

Jumatatu, 3 Juni
Usafi wa kila mwezi. Ofisini kila mtu ana tawi lake, yaani nakala yake ya kufanyia kazi, kwenye Git, mfumo wetu wa kutunza programu. Kazi haiingii kwenye programu kuu mpaka bosi aipitie, na bosi hupitia akijisikia. Nimefuta matawi yote ambayo hayajaguswa mwezi mzima. Kumi na moja. Kwenye seva, kwenye mashine yangu. Nyumbani Tegeta nimefika mapema.

Jumanne, 4 Juni
Bosi anataka kuona ukumbusho wa chanjo, sehemu ya programu inayowakumbusha wazazi tarehe, Ijumaa, ndipo aamue kama Mwanaidi ataongezewa mkataba. Ukumbusho ulikuwa kwenye tawi la Mwanaidi. Halikuguswa kwa sababu amejifungua. Nimefuta kazi ya miezi minne ya mwenzangu. Mjinga mimi.

Jumatano, 5 Juni
Git hutunza mabaki ya vilivyofutwa kwa muda. Jumatatu nilifagia hata mabaki, nipate nafasi kwenye diski. Hakuna kitu. Nakala imebaki kwenye kompyuta yake tu, kwao Temeke, naye yumo ndani ya arobaini. Nimepiga mara tatu, anapokea mama yake. "Anapumzika." Bosi sijamwambia. Naogopa, basi.

Alhamisi, 6 Juni
Temeke. Shikamoo, khanga, sabuni za mtoto. Nimemwambia mama wa Mwanaidi kompyuta inatakiwa kukaguliwa. Uongo.
"Bado siku sita, baba. Hiyo kazi yenu haina adabu?"
Nimekaa kwenye kochi nusu saa. Kisha mlango wa chumbani ukafunguka kidogo, ukatoka mkono na kompyuta. Mama akaguna tu.
Tawi lipo. Zima. Nimelipandisha kwenye seva palepale sebuleni. Maelezo yake ya mwisho alipohifadhi kazi: "Imekamilika. Naenda hospitali."
Nimeona aibu sana.

Ijumaa, 7 Juni
Bosi ameridhika. Mkataba, mwaka mmoja. Baada ya hapo nikamwambia nilichofanya. Amenivua ruhusa ya kufuta. Sawa.

Alhamisi, 13 Juni
Arobaini ilitimia jana. Nimempigia Mwanaidi, nimemweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho.
"Mbona nilijua tangu Jumatatu ile? Seva ilinitumia taarifa, jina lako lipo. Nikasema ngoja nimsikilizie, atasema mwenyewe. Umetumia siku kumi, braza."
Mtoto akaanza kulia, akaenda kumnyonyesha.