Neno la Siri la Kompyuta ya Mjomba

Dada yangu,

Barua hii isome ukiwa peke yako. Huku sote wazima, na mimi nimezidi kupendeza, waulize majirani.

Jumatatu kompyuta ya duka la Mjomba la kuchapia, ile uliyoiwekea mfumo wa Linux kabla hujasafiri, iligoma kuwaka. Ilitoa maandishi meupe, halafu kimya. Mjomba akanigeukia: "Mwenye vidole visivyotulia ni wewe. Isipoamka leo, kesho tafuta pengine pa kushinda."

Shule niliiachia njiani, lakini kichwa nilikuja nacho. Niliiwasha huku nimebonyeza kitufe mpaka orodha ikatokea, nikachagua kerneli ya zamani, kile kiini kinachoendesha mfumo mzima, ikaamka. Ile mpya iliyoingia nusu nikaifuta, nikaiweka upya. Mjomba akacheka: "Kumbe una akili, mjomba."

Kisha nikasoma kumbukumbu za mashine, inamojiandikia kila ilichofanyiwa na saa yake. Kerneli ilianza kubadilishwa Jumamosi saa saba mchana, ikakatizwa katikati. Saa hiyo mimi nilikuwa uwanjani, nafunga bao la pili. Dukani alikuwepo mchumba wako, eti anachapa barua moja tu. Na juzi kamwuliza Mjomba kama kazi yangu itamfaa mdogo wake.

Simshtaki mtu. Ila kerneli haibadilishwi bila neno la siri, na tulilijua wawili tu, wewe na mimi. Mimi sikumpa.

Nimeshalibadilisha. Ukitaka jipya, niambie kwanza lile la zamani ulimpa la nini.

Mdogo wako,
fundi ambaye bado ana kazi