Vyema, Dada

Kisiwani Vava'u,
Alhamisi asubuhi, tarehe 22 Oktoba.

Mdogo wangu Maikolo,

Kosa wanalolifanya watu wengi wanapoandika barua ya hasira ni kuruka salamu. Hudhani salamu zitapunguza makali. Mimi nilifundisha miaka thelathini na minane, na nilipokea barua nyingi za wazazi waliokasirika. Nakuambia, zilizonichoma kweli ni zile zilizoanza kwa kuniuliza hali. Kwa hiyo, hujambo? Mgongo unaendeleaje tangu ulipoteleza kwenye shamba la vanila? Kikohozi cha Pelenaise kimepungua? Mwambie mkeo asiache kunywa yale majani niliyompelekea, hata kama ni machungu. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linajua habari za mvua kabla ya redio.

Utashangaa kwa nini nakuandikia wakati nyumba yako na yangu zimetenganishwa na banda la nguruwe tu. Lakini wewe na mimi hatujaketi chumba kimoja tangu ulipoanza kuota ndevu, kama inavyowapasa kaka na dada, na maneno niliyo nayo leo hayawezi kubebwa na mtu wa tatu bila kumwagika njiani. Kwa hiyo nimechukua kalamu. Soma polepole, na usome mpaka mwisho. Nakujua, ukiona barua ndefu unaikunja.

Jana asubuhi, nilipofungua kompyuta, nilikuta barua kutoka chuo kikuu kile cha Australia alikoomba nafasi binti yetu Meliame. Niliposema binti yetu sikukosea. Siku alipozaliwa mimi ndiye niliyempa jina. Katika sherehe zake zote mimi ndiye ninayekaa mbele, na wewe uliyemzaa unakaa nyuma pamoja na wapishi. Hivyo ndivyo tulivyolelewa: dada yuko juu ya kaka yake, na shangazi yuko juu ya watoto wa kaka. Unayajua haya kuliko sala ya Bwana. Nayaandika kwa sababu leo nayatazama upya, kama mtu anayetazama nyumba yake baada ya kimbunga.

Acha nianze mwanzo. Ilikuwa Jumapili ya Julai, baada ya ibada, tumekwisha kufukua chakula kwenye tanuri la ardhini. Wewe ulikuwa barazani, mimi ndani, tukizungumza kupitia mlangoni. Nilikuambia kwamba chuo kile huchukua kila mwaka watoto kumi tu walio chini ya miaka kumi na sita, kumi kati ya mamia, na kwamba Meliame, mwenye miaka kumi na tano, amemaliza hesabu zote nilizonazo mimi na zote walizonazo walimu wake. Nilisema nataka aombe. Ukajibu, "Vyema, dada." Nikakuuliza kama una neno. Ukacheka kidogo ukasema, "Neno gani tena, dada? Mwenye mtoto ndiye wewe." Nikaridhika. Nikarudi kwenye sahani yangu.

Tangu siku hiyo nilikuwa kama mtu aliyepewa miguu mipya. Nilijaza fomu mimi mwenyewe, nikaandika anwani yangu kwa sababu wewe kompyuta huipendi. Mnamo Septemba walimu watatu wa chuo walizungumza na Meliame kwa video sebuleni kwangu. Mmoja alichora umbo, mtoto akamwambia kwa heshima kwamba pembe ile haiwezi kuwa hivyo, na yule mzee akalitazama, akapiga meza, akasema, "Yuko sahihi, jamani!" Mwishoni walimuuliza kama ana swali. Akauliza iwapo mtu akichelewa miaka miwili mlango wao unakuwa bado upo. Wakamwambia upo, wanafunzi wao wengi huingia na miaka kumi na minane. Mimi nilikuwa nyuma ya kompyuta, nisionekane na mtu, nikadhani ni udadisi wa mtoto tu.

Mwisho wa Septemba wakatuandikia kwamba nafasi ni yake. Ndipo wanawake wa ukoo wakaja kwangu kutwanga magome kwa ajili ya ngatu ya safari, kile kitambaa chetu cha magome, maana binti wa nyumba yetu haendi ng'ambo mikono mitupu. Binamu yetu Ilaisaane alitutania mpaka magongo yakapoteza mapigo. "Huyo Maikolo," alisema, "dada yake akimwambia bahari ina sukari, kesho atamletea ndoo nzima anywe na chai!" Wote wakaangua kicheko, na mimi nilicheka kuliko wote. Pelenaise hakucheka. Alisema anakwenda kutazama moto, na moto ulikuwa unawaka vizuri tu.

Kisha ikaja karamu, Jumamosi tarehe kumi. Ulichinja nguruwe wako mkubwa. Mchungaji alimwombea mtoto, aliyekuwa amevaa shada la maua shingoni na mkeka mpya wa heshima kiunoni. Wewe ulisimama mbele ya kijiji kizima ukanishukuru mimi, dada yako, kwa kumfungulia mtoto njia. Sauti ilikukwama katikati. Nikafuta machozi. Nilidhani ni furaha.

Sasa basi, jana. Barua ya chuo ilikuwa fupi, ya mama mmoja wa ofisi ya udahili, na ilikuwa imeambatanishwa na barua yako. Nitainakili hapa ili uyasikie maneno yako kama nilivyoyasikia:

"Waheshimiwa, mimi ni baba yake Meliame. Mtoto ana akili, hilo si siri. Lakini ana miaka kumi na tano, na radi ikipiga bado hukimbilia kitanda cha mama yake. Kwetu, ganda la vanila likichumwa kabla ya miezi tisa hukauka bila kunukia. Dada yangu ndiye mwenye neno katika nyumba yetu, nami siwezi kumkatalia. Kwa hiyo nawaomba mkatae ninyi. Semeni mlihesabu vibaya, nafasi zimejaa. Hatajua."

Tarehe yake ni tatu Oktoba. Tarehe tatu, Maikolo! Siku saba kabla ya nguruwe, kabla ya mchungaji, kabla ya sauti yako kukwama. Uliniacha nitwange magome na kucheka mbele ya watu, ukijua. Uliacha mtoto avikwe maua kwa safari uliyokwisha kuiomba isiwepo. Kama ungekuja mlangoni ukanitukana, ningekasirika siku tatu, ya nne ningekuletea chakula. Lakini "Hatajua"? Hilo neno nimelisoma mara nyingi kuliko mengine yote. Kwa watu usiowajua, uliokuwa hujawaona hata kwa picha, ulikuwa na ulimi. Kwangu mimi, niliyekubeba mgongoni mama alipougua, ulikuwa na "Vyema, dada."

Na kosa lako lenyewe ni kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu angelifanya. Ulidhani dunia nzima watu husaidiana kuficha aibu, kwamba ukimwomba mtu mzima aseme uongo mdogo wa kulinda heshima, atausema. Yule mama alijibu kwa adabu kwamba chuo hakiwezi kusema nafasi zimejaa ilhali hazijajaa. Kwamba wangependa kumsikia mwombaji mwenyewe. Na kwamba wanangoja neno mpaka Ijumaa, yaani kesho, saa kumi na moja jioni. Kisha akaituma barua hiyo kwenye anwani iliyo kwenye fomu, yaani yangu.

Niliumia, na nitakueleza kwa nini niliumia zaidi ya kawaida. Mimi nilipokuwa na miaka kumi na sita nilipewa nafasi ng'ambo. Baba alisema ningoje kidogo, mama mgonjwa, wewe bado unatambaa. Nikasema, "Vyema, baba." Nilingoja mpaka nikafika miaka ishirini na saba, na barua niliyoandika wakati huo haikujibiwa. Sikukulaumu hata siku moja. Ila wewe ndiwe uliyenionyesha shambani jinsi ua la vanila linavyofunguka asubuhi moja tu, na asiyelichavusha kabla ya adhuhuri amelikosa. Nilidhani wewe, kuliko mtu yeyote, ungeelewa. Kumbe kwenye shamba lilelile wewe unatazama ganda, mimi natazama ua.

Basi jana alasiri nikaketi kukuandikia amri. Ningeweza. Ningekuambia futa maneno yako, ungeyafuta papo hapo, na ungesema lilelile "Vyema" lako. Nikataka kukuonyesha pia maneno ya mtoto mwenyewe, kurasa mbili nzuri alizoandika kwenye fomu, alipoulizwa kwa nini anataka kuja sasa na si baada ya miaka miwili. Nikaenda kuchukua nakala yake ndani ya kitabu changu cha nyimbo.

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole zaidi.

Zile kurasa mbili si zake. Ni zangu. Meliame aliandika jibu lake mwenyewe mwezi wa Agosti, kwenye meza yangu, kwa dakika moja, akanipa. Ulikuwa mstari mmoja tu: "Swali hili aulizwe shangazi, mimi bado sijaulizwa." Nilimwambia huo ni utundu, chuo kikuu hakichezewi. Nikamwandikia kurasa mbili, za msichana mwenye kiu ya elimu ambaye hawezi kungoja. Niliziandika kwa urahisi wa ajabu, maana msichana huyo ninamfahamu. Ana miaka sitini na nane na goti bovu. Meliame alizinakili kwa mwandiko wake bila kuuliza kitu. Alipomaliza alisema, "Vyema, shangazi," akaniuliza kama nataka chai.

Chini ya fomu kuna mahali ambapo mwalimu huthibitisha kwamba mwombaji ameandika yote mwenyewe. Nilitia sahihi. Mimi, niliyewafukuza wasichana chumba cha mtihani kwa kuangalia daftari la jirani. Na ule mstari wake sikuuchoma wala kuutupa, na siwezi kusema niliusahau. Niliuficha kwenye wimbo ambao kwaya yetu haiimbi.

Sasa naona kwamba nyumba yetu ina watu watatu waliosema "Vyema," na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekubali. Mimi kwa baba, wewe kwangu, mtoto kwangu. Nilikuwa nikiihesabu kama heshima. Mtu ukimnyima haki ya kukataa, "ndiyo" yake haikuambii chochote. Nilifundisha hesabu miaka yote hiyo na sikuliona hilo.

Usifikiri kwamba kosa langu limefuta lako. Hesabu haziendi hivyo. Bado umeniumiza, na nikikuona kanisani Jumapili nitageuza uso, na itachukua muda. Ulipaswa kuja mlangoni. Lakini pia nakiri kwamba mlango huo niliuweka mimi mahali ambapo hungeweza kuufikia.

Nimefanya la upande wangu. Leo kabla ya kifungua kinywa nilimwandikia yule mama wa udahili ukweli wote: kwamba insha ni yangu, na sahihi yangu ni ya uongo. Nilijua huenda wakamfuta mtoto kwa sababu yangu, nikaituma hivyohivyo. Alijibu haraka. Anasema hawamwadhibu mtoto kwa kosa la mkubwa. Meliame ajibu swali lile upya, mwenyewe, kwa mkono wake, iwe anakuja Februari, iwe anataka kungoja, iwe hataki kabisa; ila jibu liwe limefika kesho saa kumi na moja. Likichelewa, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Leo sitakuwepo; mlango wangu uko wazi na kompyuta iko mezani, Meliame anajua kutuma. Nakwenda kwa Ilaisaane kumalizia ile ngatu. Itafaa kwa safari, au kwa harusi, au kwa mazishi yangu, ngatu haiozi. Nikirudi jioni sitauliza, na usije kuniambia mpaka jibu liwe limekwisha kutumwa. Tafadhali usinijibu "Vyema, dada." Ukiwa na neno jingine, hata liwe baya, andika, sasa unajua barua hupita pale pasipopita maneno.

Nisalimie Pelenaise, umwambie nilimwona siku ile alipokwenda kutazama moto, na kwamba samahani nimechelewa kuuona. Nguruwe wako mdogo ameingia tena kwenye mihogo yangu, sijampiga. Chakula kilicho kwenye bakuli lililokuja na barua hii ni chenu nyote, kuna majani ya taro kwa tui la nazi, kama unavyopenda.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba,

Seluvaia

Karatasi yenye mstari wa Meliame imo ndani ya bahasha hii. Mrudishie leo, umuulize anataka nini, na atakachoandika kitumeni bila kunionyesha.